Vumbi la Tata Mukalayi

Siku yangu ya kwanza kazini sikupewa kamera. Nilipewa kitambaa cheupe, nikaambiwa nisimame kando ya mlango na nisiguse kitu. Ilikuwa Mutoshi, karibu na Kolwezi, kwenye ofisi ya wafanyakazi ya kampuni ya migodi, na kazi ilikuwa kupiga picha za kadi za kazi. Wanaume walikuwa wamepanga mstari tangu asubuhi, kofia mkononi, kila mmoja akingoja zamu yake ya kukaa kwenye kiti cha chuma mbele ya shuka jeupe. Kazi yangu mimi ilikuwa kuwapangusa uso. Nami nilikuwa nimeazima suruali ya harusi ya kaka yangu! Nilidhani kupiga picha ni kazi ya watu safi. Mpaka saa sita suruali ilikuwa imegeuka rangi ya njia ya Mutoshi, na kaka yangu hakunisamehe upesi.

Mkubwa wetu alikuwa Mbelgiji mmoja tuliyemwita Bwana wa Studio. Hakuwa mtu wa maneno mengi. Jioni ile aliniita mezani, akaweka picha moja chini ya taa, akanipa lupu. Lupu ni kioo kidogo cha kukuzia, unakibana jichoni kama fundi wa saa.

"Weye naona nywele ya jicho?" aliniuliza kwa Kiswahili chake cha mgodini. "Kama hapana ona nywele ya jicho, ile hapana picha. Ile karatasi tu."

Nilitazama. Niliona kope za mchimbaji yule moja moja, na chembe ya vumbi imekaa juu ya mojawapo, chembe ambayo kitambaa changu hakikuifikia. Nilinaswa pale pale, na sikutamani tena kazi nyingine.

Nayaeleza haya kwa sababu ya mjukuu wangu Meta. Yeye anapiga picha kwa simu na kwa kamera isiyo na filimu, anazituma kwa njia ya intaneti kwenye nyumba zinazouza picha, na zinamrudia na jibu moja: ubora wa kiufundi hautoshi. Anakuja kulalamika kwangu kana kwamba mimi ndiye niliyemkataa. Namwambia, mjukuu wangu, punguza machozi. Mimi nimekataliwa na watu hao hao kabla mama yako hajajua kupika ugali, na kukataliwa kwetu kulikuja ndani ya mfuko.

Kutoka Mutoshi nilihamishiwa Kolwezi, kwenye Section Photo, yaani kitengo cha picha, nyumba ndefu ya matofali nyuma ya karakana. Wakati huo nchi ilikuwa imeshakuwa Zaïre, na sisi tumeshakuwa wote macitoyen, yaani raia. Bwana wa Studio alirudi kwao. Mahali pake akaja Citoyen Shefu wa Section, kijana msomi aliyejifunza picha Lubumbashi. Alivaa abakosi, lile koti la siku zile lisilotaka tai, na lake lilikuwa limepigwa pasi mpaka unaogopa kupita karibu nalo. Alikuwa mkali, lakini hakuwa mwonevu. Akikukaripia asubuhi, mchana anakugawia sigara.

Pale nilikaa katika chumba cha giza, yaani chumba kisichoingia mwanga, ambamo filimu huoshwa kwa dawa. Kuna dawa inayoitoa sura kwenye filimu, kuna nyingine inayoishika isipotee, halafu kuna maji mengi. Baada ya maji filimu inatundikwa kwa vibanio, kama nguo, mpaka ikauke. Kisha inapitishwa kwenye agrandiseri, taa kubwa inayoimulika filimu ndogo ikawa picha kubwa juu ya karatasi. Kazi ya kuosha tuliifanya alfajiri, kwa sababu dawa zinapenda ubaridi, na Kolwezi jua likishapanda hakuna tena ubaridi.

Mtu wa tatu pale alikuwa tata Mukalayi; tata kwetu ni baba. Alitoka kaskazini, upande wa Manono, na alikuwa amefanya kazi shimoni miaka mingi mpaka jiwe likampondaponda goti. Kampuni ikampa ufagio. Wengine wangeona ni aibu. Tata Mukalayi aliuchukua ufagio ule kama mtu aliyepandishwa cheo. Aliufunga mwenyewe kwa nyasi alizochagua, akafika kabla yetu sote, akafagia kutoka pembe ya mwisho hadi mlangoni huku akiimba nyimbo za kanisa lao kwa sauti nene. "Ofisi yenye haifagiliwe," alikuwa akisema, "ni sawa mutu mwenye hanawe uso." Tukifika, sakafu inang'aa, naye amesimama mlangoni anatungoja tuisifu. Tuliisifu kila siku, na alistahili.

Sasa niseme juu ya mfuko. Wakubwa wa Lubumbashi walitaka Kolwezi ijulikane duniani, wakapatana na nyumba moja ya picha huko Ulaya. Nyumba ya namna hiyo haipigi picha. Inakusanya picha za watu wengine, inazipanga katika droo, na mwenye kuchapa kitabu au kalenda akihitaji picha ya shimo la shaba anakwenda pale anachagua. Kwa hiyo sisi tulichapa picha zetu nzuri, tukazitia katika mfuko wa turubai, mfuko ukapanda ndege. Kule Ulaya kulikuwa na mtu na lupu yake. Hatukumjua ni mwanamume au mwanamke, mzee au kijana. Tulimwita Bwana Jicho. Akikubali picha, inabaki kwake. Akiikataa, anachora msalaba mwekundu nyuma yake, anaandika neno moja, anairudisha.

Mfuko wa kwanza ulirudi umejaa kama ulivyokwenda.

Lo! Citoyen Shefu alizimwaga picha mezani, na tukaanza kuzigeuza moja moja. Picha za mashimo, za malori makubwa, za magari moshi ya madini, zote zilikuwa na neno moja: hazina ukali. Yaani, ukiweka lupu, ukingo wa kitu si ukingo, ni kivuli cha ukingo. Tulibishana. Kamera ilikuwa njema, lensi imetoka kiwandani. Nilishusha pumzi kila nilipobonyeza, kama Bwana wa Studio alivyonifundisha. Sasa ni nini?

Ilikuwa jeep yetu, bwana. Jeep ile starta yake ilikuwa imekufa zamani, na ukiizima ni lazima watu waisukume ndipo iwake tena. Nani atasukuma gari kwenye ukingo wa shimo la mgodi? Kwa hiyo dereva hakuizima kamwe. Tulikwenda nayo, tukasimama, yeye akabaki ameegemea usukani injini inanguruma, na mimi naweka kamera juu ya boneti ili nisitikisike! Ukiwa na jeep nzima huwezi kufanya kosa la namna ile. Tulicheka mpaka Citoyen Shefu akalegeza kifungo cha abakosi, na dereva peke yake hakucheka.

"Munacheka," alisema. "Na kama ninaizima, njo weye utasukuma?"

Tokea siku ile nilitembea na miguu mitatu ya kamera begani, mbali na jeep, mbali na malori, na nikajifunza kungoja ardhi itulie baada ya baruti.

Picha chache zilirudi na neno lingine: punje. Filimu imeundwa kwa chembe ndogo ndogo za fedha, na ukichukua kipande kidogo cha filimu ukakivuta kiwe kikubwa, zile chembe zinaonekana kama bunga lililomwagika, yaani unga wa mahindi. Wakubwa walipenda hivyo: piga watu wengi, halafu mkate uso mmoja mkauvute. Nilimwambia Citoyen Shefu kwamba tukitaka uso mmoja, tumsogelee mtu mmoja. Alikubali. Na nyingine zilirudi kwa sababu ya jua la saa sita, maana kofia nyeupe za wachimbaji ziliungua na nyuso zao chini ya kofia zikawa shimo jeusi. Kwa hilo niliumia. Watu wamesimama mbele yangu, wananitazama, na mimi nimewafuta uso. Kuanzia hapo nilipima mwanga wa uso kwanza, kofia itajijua yenyewe, na nikapiga asubuhi au alasiri tu.

Tukatengeneza mfuko wa pili kwa makini kama mwari anapambwa. Kilikuwa kiangazi. Katika filimu moja ilibaki nafasi moja ya mwisho, na pale mlangoni alikuwa tata Mukalayi ameegemea ufagio, jua la asubuhi linampiga ubavuni, anaimba. Sikumwambia asimame vizuri. Nilibonyeza tu. Nilipoichapa picha ile niliita watu waione. Kila mkunjo wa uso ulikuwepo, mshipa wa mkono, nyasi za ufagio unaweza kuzihesabu, na mdomo umefunguka katikati ya neno la wimbo. Sijapiga picha nyingine kama ile maishani mwangu, nasema wazi. Citoyen Shefu aliishika muda mrefu, akaiweka juu kabisa ya mfuko.

Mfuko wa pili ukarudi umejaa vile vile. Neno sasa lilikuwa lingine: vumbi.

Kweli lilikuwepo. Madoa meupe madogo madogo, angani juu ya mashimo, kwenye nyuso, kila mahali. Sisi tulikuwa tumeyazoea, hatukuyaona tena. Katika picha ya tata Mukalayi yalimzunguka kichwa na mabega kama mvua nyepesi. Nilitaka kuichapa upya, lakini haikufaa. Chembe ya vumbi ikiangukia filimu iliyo na maji inazama ndani ya ngozi yake na kukaukia humo. Ukijaribu kuitoa, unaitoa pamoja na uso.

Siku ile Citoyen Shefu alitukusanya bila kuketi. Alikuwa ametoka kwa Shefu wa Personnel, mkubwa wa mambo ya wafanyakazi, na uso wake ulikuwa umebadilika.

"Citoyens, nisikilizeni," alisema. "Wakubwa banachoka. Banasema mufuko wa tatu ukirudi hivi, banafunga section. Mashini inaenda Lubumbashi. Kalala, weye batakurudisha ku mugodi. Mi sijue batanitupa wapi."

Hakusema kitu juu ya tata Mukalayi, na sisi sote tulielewa kwa nini. Nyumba za kampuni zilifuata kazi. Hospitali, shule ya watoto, posho ya bunga, vyote vilifuata kazi. Mimi Kalala nilikuwa na miguu miwili, ningeweza kurudi shimoni. Mzee mwenye goti bovu, ukimnyang'anya ufagio, anatoka katika nyumba ya kampuni na mke wake, anakwenda wapi? Manono hakuwa na mtu tena. Tata Mukalayi alitazama chini, kisha akasema polepole: "Shefu, kama ni vumbi, muniachie mi. Nitafagia mara mbili."

"Njo vile, tata," Citoyen Shefu alisema. "Fagia sana."

Akafagia! Mungu wangu, mzee yule alifagia. Alifagia alfajiri, akafagia tena tulipokuwa tunaosha filimu, na kabla sijatundika alinitangulia katika chumba cha kukaushia akapitisha ufagio kila pembe, jasho linamtoka, goti linamlia. Na kila filimu tuliyokausha ilikuwa chafu kuliko ya jana. Tulibadilisha dawa. Tulichuja maji kwa kitambaa. Nilifika mahali pa kushuku hewa ya Kolwezi yenyewe, nikawa silali vizuri.

Jumamosi moja nilikuwa nyumbani nimekaa nje, nimeshika tama. Mke wangu, mama Ngalula, alikuwa ameanika bunga juu ya mkeka, maana gunia lilikuwa limeloa maji. Binti yetu Ngalula akachukua ufagio, akaanza kufagia uwanja, mtoto mwenye adabu, hakutumwa na mtu. Mama yake alipiga kelele mpaka majirani wakatoka.

"We Ngalula! Nani anafagia fasi banaanika bunga? Unataka tukule udongo? Leta maji unyunyize kwanza!"

Mtoto akatupa ufagio. Na mimi nikasimama. Kila mtu wa Kolwezi anajua hilo, mimi nalijua tangu utoto: hufagii penye bunga. Vumbi la chini limelala. Ufagio ndio unaoliamsha, likapanda, likatafuta mahali penye unyevu likashika. Tulijua nyumbani, lakini kazini ufagio ulikuwa ni usafi, na usafi ni heshima ya ofisi, nani atauwazia mabaya?

"Una nini?" mke wangu aliniuliza. "Unatoa macho sawa umeona nyoka."

"Mama Ngalula," nilimwambia, "tata Mukalayi anafagia penye bunga."

Jumatatu nilifika mapema, nikaingia chumba cha kukaushia mara tu tata Mukalayi alipotoka na ufagio wake. Nilifunga mlango, nikawasha tochi. Katika ule mstari wa mwanga vumbi lilikuwa linacheza kama nzige. Nikamwita Citoyen Shefu, nikafunga mlango tena, nikamwonyesha bila kusema. Mwanzoni alikasirika. "Unataka kuniambia usafi njo uchafu?" Nikaendelea kushika tochi. Alitazama, kisha akaketi juu ya ndoo, abakosi na yote.

"Kumbe ni sisi," alisema. "Mi mwenyewe nilimwambia afagie sana."

Halafu tukatazamana, maana lilibaki jambo gumu kuliko vumbi. Nani atamwambia? Kwetu humwambii mzee usoni kwamba kazi ya mikono yake ndiyo inayoharibu. Citoyen Shefu alikuwa mdogo kuliko watoto wa tata Mukalayi. Mimi vile vile. "Weye banakupenda kwake," alisema, akanisukumia mzigo. Kweli wakubwa wana akili.

Nilikwenda Jumapili baada ya misa, na mke wangu, na bunga kidogo katika beseni, kama inavyopasa. Mama Mukalayi alitupokea, mwanamke mfupi, mcheshi, mwenye sauti ya kuamuru. Ukutani, juu ya kiti cha mzee, ilikuwa ile picha yake. Msalaba mwekundu ulikuwa nyuma, hauonekani. Picha zote zilizokataliwa Citoyen Shefu aliruhusu tuwagawie waliomo ndani yake.

Nikaanza kuzunguka. Nikasema juu ya kiangazi. Nikasema juu ya bunga, juu ya upepo, juu ya Ngalula na ufagio wake. Tata Mukalayi alinisikiliza huku anasugua goti.

"Mutoto wangu," alisema mwishowe, "unatoka mbali na hii maneno. Fika."

Nikafika. Nilimwambia yote, macho yangu chini. Tata Mukalayi aliinuka, akaenda ukutani, akaweka kidole kwenye doa moja jeupe juu ya bega lake pichani, kisha kwenye lingine.

"Hii ni ya ufagio yangu?"

"Ndiyo, tata."

"Na hii?"

"Yote, tata."

"Basi unanifukuza ku kazi," alisema, bila hasira, na hilo ndilo lililonichoma.

"Hapana, tata! Nakuja kukuomba maji. Ufagio tuache nje. Mule ndani tunataka maji chini na kitambaa, kila asubuhi, mbele ya kutundika filimu. Mi siwezi. Shefu hawezi. Kama si weye, section inafungwa na sisi wote tunaenda."

Mama Mukalayi alipiga makofi, akacheka mpaka akajifuta machozi kwa kitenge. "Mi nilimwambia huyu mwanaume tangu tuliowana: unaamusha vumbi! Hapa nyumbani nilimukataza kushika ufagio. Muulize!" Mzee alijaribu kukunja uso, akashindwa.

Hakuweza kupiga magoti, basi alichonga mti mrefu akafunga gunia kwenye ncha yake, akawa analilowesha na kulisukuma sakafuni. Nyimbo zilikuwa zile zile. Alitundika pia mashuka mabichi mlangoni ili vumbi la barabarani lishike huko kabla ya kuingia, na hilo ni wazo lake mwenyewe. Nilipotundika filimu ya kwanza na kuiweka chini ya lupu, sikuamini. Anga ilikuwa anga tupu.

Kwa mfuko wa tatu tulikwenda Nzilo, kwenye lile bwawa la umeme la Lualaba. Nilisimamisha kamera kwenye miguu yake mitatu, jeep ikabaki inanguruma mbali kabisa, na maji yalikuwa yanaporomoka katika mwanga wa asubuhi. Nilimpiga tata Mukalayi pia, mara ya pili, mlangoni, na gunia lake jipya. Lakini sasa alijua inakwenda Ulaya. Alivaa koti, alinyoosha mikono ubavuni, alifunga mdomo, akanitazama kama mtu anayepigwa picha ya kadi ya kazi. Hata Bwana Jicho asingepata la kusema, ilikuwa kali, safi, na haikuwa na mtu ndani yake. Sikuitia mfukoni.

Tulingoja. Nilikuwa roho juu kila ndege iliposikika. Siku mfuko uliporudi, Citoyen Shefu aliupokea kwa mikono miwili, na kabla hajaufungua uso wake ukafunguka. Mfuko ulikuwa mwembamba. Ulikuwa umejikunja katikati kama shati. "Zimebaki!" alipiga kelele. "Zimebaki kule!" Tata Mukalayi alikuja anachechemea kutoka uani, akaushika mfuko, akaupima mkononi, na mzee yule akacheza na mti wake wa gunia pale kwenye sakafu yenye maji mpaka nikaogopa atateleza. Nililia, sioni haya kusema. Section haikufungwa.

Tulifanya kazi miaka mingi baadaye. Citoyen Shefu alipandishwa cheo akaenda Lubumbashi, wakaja mashefu wengine, mmoja mpole, mmoja mlevi, mmoja aliyeogopa giza, na huyo kwa kazi yetu ni msiba. Vita vilipita mjini, tukarudi tukaokota vioo. Kisha kampuni ikaanza kuchoka. Dawa haziji, karatasi haziji, umeme unashuka mpaka taa ya agrandiseri inakuwa nyekundu kama kaa la moto. Tata Mukalayi alistaafu akiwa na nyumba yake, na kwa hilo namshukuru Mungu. Mimi nilistaafu siku ambayo hapakuwa na kitu cha kuosha filimu. Nilifunga chumba cha giza mwenyewe na kumkabidhi askari ufunguo.

Picha zetu zilizokubaliwa sikuziona tena. Ziko katika droo Ulaya, kama droo bado zipo. Labda bwawa la Nzilo lilichapwa katika kalenda ya mtu, sijui. Zilizokataliwa ndizo zilizobaki Kolwezi. Ingia nyumba za kambi ya zamani, utazikuta ukutani, zenye punje, zenye ukungu, zenye vivuli vilivyoziba, na watoto wa wale watu wanakuambia: huyu ni baba. Meta namwambia asijidanganye, Bwana Jicho alikuwa na haki. Picha isiyo kali si kali, hata kama unampenda aliyemo. Shika kamera yako vizuri, sogea karibu, pima uso, usifagie penye bunga. Hayo nimemfundisha, na juzi wamemkubalia moja.

Lakini kuna jambo ambalo lupu haikunifundisha. Tata Mukalayi alifariki muda si mrefu baada ya mimi kustaafu. Nilifika kilioni, nikakuta ile picha imetolewa ukutani na kusimamishwa juu ya jeneza, amefungua mdomo katikati ya wimbo, na madoa yote meupe yamemzunguka. Nilikuwa bado natembea na brashi yangu ya marekebisho mfukoni, ile yenye nywele chache ambayo tunaichovya katika wino wa kijivu kuziba doa moja moja. Niliona aibu kwamba mzee anazikwa na kosa letu mbele yake. Nikainama kwa mama Mukalayi, aliyekuwa ameketi chini na wanawake, nikamwambia polepole:

"Mama, nipe picha kidogo. Mbele ya kumuzika nitakuwa nimefuta ile vumbi yote."

Aliinua uso. Hakuwa amelala siku nyingi, na sauti yake ya kuamuru ilikuwa imebaki kidogo tu, lakini ilitosha.

"Aba! Kalala," alisema, "unataka kumufutia kazi yake?"

Nikarudisha brashi mfukoni. Tulipoinua jeneza walinipa mimi picha niibebe, nikatangulia nayo mpaka makaburini.